Sahihi ya Mkunga wa Pili

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza. Imekuja kwa fujo, bila hata kupiga hodi, nikaingia kazini viatu mkononi. Kicheko alikuwa ameshafika, mkavu kabisa, anakunywa chai yangu katika kikombe changu. "Dada, nimekuachia nusu," akasema. Nusu gani? Lilikuwa limebaki tone na majani.

Daftari hili wametugawia waangalizi, kila mfanyakazi la kwake. Mume wangu kaniambia niandike humu yanayonikera, nisimwambie yeye wakati ana sindano mdomoni. Ni fundi cherehani, anaogopa kucheka akazimeza. Haya, naanza na kikombe.

Jumatano, 5 Machi

Tumezalisha tangu asubuhi bila kukaa. Wote salama. Mvua.

Ijumaa, 7 Machi

Daktari, mkuu wetu wa kituo, katukusanya leo. Wabunge wanakuja kututembelea, wa ile nchi ya mbali inayotuletea waangalizi. Akatuomba tuwe nadhifu, huku ananiangalia mimi. Mimi! Wakati Kicheko koti lake lina doa la dawa tangu mwaka jana.

Niliandike hili vizuri, asije mtu akasoma baadaye akadhani natunga. Kituo chetu kimejengwa juu ya mstari wenyewe unaotutenganisha. Kina milango miwili, mmoja unatazama upande wetu na mwingine upande wao. Wakati wa vita kila upande ulikuwa unasema wakunga wa upande wa pili wananyonga watoto, na wanawake walikuwa tayari kujifungulia porini kuliko kuguswa na mkono wa adui. Kwa hiyo mkataba wa amani ulipoandikwa, sisi tuliwekewa kifungu chetu. Kila mtoto apokewe na wakunga wawili, mmoja wa kila upande. Na chochote kinachotoka kituoni, iwe kadi ya mtoto au kauli ya kuwaambia wageni, kiwe na sahihi mbili. Kwa upande wetu ni mimi. Kwa upande wao ni Kicheko. Jina hilo nilimpa mimi, maana huyu hucheka hata akiwa anashona mtu.

Waangalizi ndio wanaokaa kwenye vizuizi viwili vya barabara na kuhakikisha watu wanapita. Sasa Bunge la kwao litapiga kura kabla masika hayajaisha, ama liendelee kuusimamia mkataba wetu, ama liwarudishe vijana wao nyumbani. Daktari anasema wabunge wengi wametuchoka. Waangalizi wakiondoka, vizuizi vitafungwa, hilo halihitaji mtabiri. Mwaka juzi waliitwa kwao kwa muda mfupi tu na hapakupita mtu, hata jeneza.

Na binti yangu yuko upande wao. Kaolewa huko na seremala, kijana mzuri, simsemi vibaya. Ana mimba yake ya kwanza, anatazamia kujifungua Mei. Barabara ikifungwa atajifungua huko, bila kituo, bila mimi, na mimi mama yake mkunga nitakuwa huku nimekunja mikono. Mwanangu wa pekee. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Hilo, na Kicheko.

Jumatatu, 10 Machi

Nimepiga pasi sare zote mbili. Nitavaa ile ya pili, kola yake imesimama vizuri. Mume wangu ananisikia nikijisemea kwenye kioo: "Waheshimiwa, karibuni." Kaniuliza nagombea jimbo gani.

Alhamisi, 13 Machi

Wamekuja. Nina hasira lakini nitaandika.

Walikuwa wawili na mkalimani wao. Mmoja mzee mwenye miwani minene, hacheki, kila kitu anakiandika, anagusa kuta kana kwamba anataka kuinunua nyumba. Wa pili ni mama mnene mwenye viatu vya matope, akasalimia wazazi wote kitandani mmoja mmoja. Nikampenda papo hapo. Nikasema moyoni, huyu ndiye wangu.

Daktari akaniambia nisome takwimu. Vifo vilivyopungua, chanjo zilizotolewa, vitanda. Nimezisoma kwa sauti nzuri tu. Yule mama akaitikia kwa kichwa, Miwani akaandika. Kisha Daktari akasema, "Na huyu mwenzake atawasimulia ilivyoanza."

Naijua hadithi hiyo kuliko anavyoijua yeye. Ni ya siku ya mapigano ya sokoni, kabla ya mkataba. Watu wa pande zote mbili walikimbilia ghala la mashine ya kusaga, wakajifungia humo pamoja, unga hadi kwenye kope. Mwanamke mmoja akashikwa na uchungu, mapacha. Wakunga walikuwa wawili humo ndani, mimi na msichana wa upande wao nisiyemjua, Kicheko huyuhuyu, anatetemeka. Mtoto wa kwanza alitoka mwenyewe. Wa pili alilala mkingamo. Nikaingiza mkono nikamgeuza. Mimi. Msichana yule alishika kichwa cha mama na kumsemesha, akamsemesha mpaka yule mama akacheka katikati ya uchungu, na hiyo pia si kazi ndogo, sikatai. Waliokuwa wakiandika mkataba waliisikia habari hiyo, ndiyo maana tuna kifungu chetu.

Basi leo Kicheko kasimama katikati ya wodi, kakunja mikono ya koti. "Nikamwambia mama, vuta pumzi," akasema. "Nikaingiza mkono. Nikamtafuta mguu. Nikamgeuza."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamtazama. Hata hakunipepesea jicho. Yule mama mbunge machozi yalimtoka, akavua miwani ya jua kichwani akaishika mkononi, hajui aiweke wapi. Hata Miwani aliacha kuandika. Halafu wakapiga picha.

 Ningesemaje mbele ya wageni? Nimemeza mate mpaka nimeshiba.

Ijumaa, 14 Machi

Picha imetoka gazetini. Kicheko katikati, mama mbunge kamkumbatia. Pembeni kabisa kuna kiwiko. Ni changu, naitambua pasi.

"Kiwiko chenyewe kizuri," kasema mume wangu.

Jumapili, 16 Machi

Binti yangu kaja na mumewe, wamepita kizuizini bila taabu. Tumbo limekua vizuri, miguu haijavimba, namshukuru Mungu. Hajamaliza hata kukaa, anauliza, "Mama mdogo yuko wapi? Nimeona picha! Jamani, amependeza!"

Mama mdogo ndiye Kicheko. Alianza kumwita hivyo alipoolewa huko, nami nilifurahi wakati ule.

Kwa kanuni za kituo mkunga hamhudumii wa damu yake. Kwa hiyo anayempima binti yangu ni Kicheko. Mimi nakaa kwenye benchi la nje na seremala. Nasikia wanacheka humo ndani. Wanacheka nini? Kupima tumbo kuna kichekesho gani? Walipotoka nikauliza mtoto amekaaje. "Vizuri sana, dada, usijali," akasema Kicheko, na binti yangu akamwegemea begani. Begani kwake. Mimi bega langu lilikuwa tupu hapohapo karibu.

Nilirudi nyumbani roho inaniuma kama jino.

Jumatano, 19 Machi

Daktari katangaza. Kamati ya lile Bunge inamwalika mkunga mmoja akazungumze nao kabla ya kura. Mmoja. Wamemtaja Kicheko.

Nimempongeza. Nimetabasamu mpaka mashavu yakachoka.

Jumanne, 25 Machi

Mvua haikatiki, mtaro wa nyuma umefurika. Muuza mkate kampa Kicheko mkate wa bure, "kwa ajili ya safari." Kisha akanigeukia: "Na wewe mama, ndiye unayemsaidia?"

Ninayemsaidia!

Alhamisi, 27 Machi

Hotuba yake imeletwa nitie sahihi, kama kifungu kinavyotaka. Tulikuwa chumba cha dawa, mimi, yeye na Daktari. Nikaisoma yote. Nzuri, siwezi kusema uongo. Imeeleza vizuizi, wanawake wa pande mbili wanaolala vitanda jirani na kuazimana sabuni, na kwamba vijana wao wakiondoka yote yataisha. Halafu nikafika ghalani. "Nikaingiza mkono."

Nikaweka kalamu mezani.

"Sisaini."

"Kwa nini?" akauliza Daktari.

"Muulize yeye nani alimgeuza yule mtoto."

Kicheko hakukana. Alijikuna shingo. "Dada, sikiliza. Mwaka jana walikuja wale wengine, nikawaambia 'mwenzangu alimgeuza.' Wakaandika, wakanywa chai, wakaondoka. Safari hii ulimi uliteleza, nikasema 'mimi.' Yule mama akalia! Nikaona, kumbe hivi ndivyo inavyowaingia. Anataka kumwona mtu mmoja, amshike mkono. Waliolia ndio watakaotupigia kura."

"Na mimi je?"

"Wewe ulikuwepo."

Nilikuwepo! Kama mlango ulivyokuwepo, kama magunia yalivyokuwepo. Nikamwambia abadilishe neno moja tu, aandike "mwenzangu". Akasema akibadilisha, yule mama atajua alidanganywa alipokuja, na hotuba yote itaonekana ya uongo. Anasema kweli, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

"Basi nenda na sahihi yako peke yake," nikasema, nikatoka.

Ijumaa, 28 Machi

Daktari kanibembeleza asubuhi, mchana, na wakati wa kufunga. "Mama, ni karatasi tu." Kwani mimi sijui ni karatasi tu? Nimemwambia sitii sahihi uongo, mimi ni mtu mwenye msimamo. Nimetamka neno msimamo mara nyingi mno leo.

Jumatatu, 31 Machi

Mume wangu kaacha cherehani, kitu asichofanya hovyo. "Mke wangu, hebu niambie. Angechaguliwa mtu mwingine kusafiri, wa mbali usiyemjua, halafu akasema alimgeuza yeye, ungesaini?"

Nikamwambia ale chakula kinapoa.

Ningesaini. Haya, nimeandika. Ningesaini huku nacheka.

Naona wivu. Namwonea wivu jinsi wazazi wanavyomwita yeye kwanza, binti yangu anavyomwegemea, hata hilo koti lenye doa analolivaa kama vazi la harusi. Mimi ndiye niliyemfundisha kushona mshono wa ndani. Mimi niliyemfundisha kusikiliza moyo wa mtoto kwa sikio bila bomba. Sasa yeye ndiye mkunga, na mimi ndiye ninayemsaidia.

Jumatano, 2 Aprili

Kaondoka. Hotuba imetangulia ikiwa na sahihi moja. Ofisi ya mkataba imeipiga muhuri juu yake: KAULI YA UPANDE MMOJA. Kanuni ndiyo hiyo.

Alinikumbatia mlangoni. Nilisimama kama nguzo.

Jumatatu, 7 Aprili

Kimya kazini. Chai yangu naimaliza mwenyewe. Badala yake upande wao wamemleta mkunga wa muda, mpole, hasemi neno, hacheki. Nilidhani nitastarehe.

Jumatano, 9 Aprili

Tulisikiliza redioni, wodi nzima, hadi wazazi waliotoka kujifungua asubuhi.

Walisema Kicheko alizungumza vizuri na baadhi ya wabunge walisimama. Kisha akainuka Miwani, yule mzee aliyekuwa akigusa kuta. Akasema wao waliambiwa kwamba katika kituo kile kila kitu hutiwa sahihi na pande mbili, kwamba hilo ndilo jambo lenyewe wanaloombwa kulilinda. Akainua karatasi. "Hapa naona sahihi moja. Mkunga wa pili yuko wapi? Ikiwa hata hawa wawili hawakubaliani, nasi tunaulinda mkataba gani?"

Wameahirisha kura. Mtangazaji akaendelea na habari za mpira.

Hakuna aliyenitazama wodini. Wote walijifanya wana kazi. Nilikwenda chumba cha kufulia nikasimama humo na shuka chafu. Nilitaka tu ijulikane kuwa ametia chumvi. Nilitaka yeye ndiye aaibike. Sikufikiri kwamba karatasi ile itakwenda kuisemea barabara, na watu, na tumbo la mwanangu.

Ijumaa, 11 Aprili

Waangalizi wameanza kufunga maboksi. Wanasema ni tahadhari tu. Maboksi ni maboksi.

Walinzi wa pande zote mbili wameona maboksi hayo, wakarudia mambo yao ya zamani. Wa kwetu wamevuta gogo hadi katikati ya barabara. Wa kwao wanadai vitambulisho vya babu na bibi. Leo ilikuwa siku ya binti yangu kupimwa. Nilisimama mlango wa upande wao nikimsubiri, mvua inanipiga. Nilimwona kwa mbali na mwavuli wa mumewe, tumbo mbele. Mlinzi akanyoosha mkono, wakabishana, seremala akaonyesha tumbo kama vile halionekani. Kisha wakageuka, wakarudi.

Niliita. Kwa ile mvua asingesikia.

Jumapili, 13 Aprili

Kapiga simu.

"Mama, watu huku wanasema hukutia sahihi. Nikawaambia waongo wakubwa. Si ni waongo?"

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Mama?"

"Sikusaini."

"Kwa nini?"

Nikamwambia habari ya ghalani, neno kwa neno, nani alishika nini. Alisikiliza mpaka mwisho. "Lakini mama, mimi hayo nayajua," akasema. "Mama mdogo alinisimulia zamani. Aliniambia, 'Mama yako ana mkono ambao mimi sitaupata hata nizeeke.' Mimi nauliza kwa nini hukusaini."

Nimekata simu. Nilimwambia salio limekwisha. Mimi ndiye niliyepigiwa, salio langu linakwishaje?

Jumatatu, 14 Aprili

Daktari kaja mbio hadi leba, kofia upande. Kamati inataka kumsikia mkunga wa pili kabla ya kura. Kwa skrini, Alhamisi. Miwani mwenyewe ndiye aliyeomba.

"Utasema nini, mama?" akaniuliza.

"Nitakachoulizwa."

Hakuridhika, nami pia.

Jumatano, 16 Aprili

Siwezi kula. Mume wangu kanishonea kola mpya bila kuambiwa. Kaiweka kitini, akarudi kwenye cherehani.

Alhamisi, 17 Aprili

Walitundika skrini ukutani mwa ofisi ya Daktari. Mkalimani alikuwa huko kwao, sauti yake inachelewa kidogo. Nikaona ukumbi mkubwa wa mbao, watu wamevaa vizuri, na chini, kwenye meza ndogo, Kicheko. Walimpa koti la kuazima, kubwa, mikono inamfika kwenye vidole. Alikuwa amekaa wima. Sijawahi kumwona amekaa wima. Aliponiona kwenye skrini yao aliinamisha macho, na hapo nikajua anaamini kwamba nimekuja kummaliza.

Mama mbunge alinisalimia, akauliza habari za masika. Kisha Miwani akasimama. Hakuwa mkali. Alikuwa kama mtu anayetaka kumaliza kazi yake.

"Mwenzako alituambia kwamba alimgeuza mtoto akamwokoa. Wewe ulikataa kutia sahihi. Nakuuliza mbele ya Kamati, nani alimgeuza yule mtoto?"

Hili ndilo swali nililotaka kuulizwa tangu siku ile ya wageni. Kusema kweli, tangu ghalani. Nilikuwa nimejiandaa nalo kwenye kioo, kitandani, nikipanga foleni. Nani alimgeuza? Mimi, mheshimiwa. Maneno mawili na dunia yote ingejua. Niliyasikia yakija mdomoni, matamu.

Nikamtazama Kicheko. Alikuwa ameivuta ile mikono ya koti, anaifinyanga. Nikaona gogo barabarani. Nikamwona binti yangu anageuka na mwavuli.

"Ni yeye," nikasema. "Alimgeuza yeye. Mimi nilishika kichwa cha mama."

Sauti ya mkalimani ilifika kule. Kicheko aliinua uso kwa ghafla, mdomo wazi, nikaogopa ataropoka. Nikamkazia macho, yale macho ninayomkazia mzazi asisukume kabla ya wakati. Akafunga mdomo.

Miwani hakukaa. "Basi kama ni kweli, kwa nini hukutia sahihi?"

Hilo sikuwa nimejiandaa nalo hata kidogo. Daktari pembeni yangu alianza kuninong'oneza kitu kuhusu utaratibu. Lakini uongo mmoja ulishanitosha kwa siku moja, wa pili ulikataa kutoka.

"Wivu, mheshimiwa."

 Mkalimani akaniomba nirudie.

"Wivu. Tulifanya kazi wote, akachaguliwa yeye. Akapigwa picha yeye. Binti yangu mwenyewe, mwenye mimba, aliyeolewa upande wao, akija kituoni anamuulizia yeye kwanza. Roho iliniuma, nikakataa kusaini. Hakuna siasa hapo, mheshimiwa. Hakuna pande mbili. Ni mimi na huyu mwanamke."

Mkalimani akamalizia. Kisha nikaona wabunge wameanza kucheka, si wote, mmoja hapa, mmoja pale, na wengine wanatazamana na majirani zao kwenye viti. Yule mama kafunika mdomo kwa karatasi. Nikakasirika.

"Mnacheka? Sikilizeni basi. Kabla ya mkataba huu mimi watu wa upande ule sikuwaonea wivu hata siku moja. Niliwaogopa. Niliwaombea wafe, nisiwadanganye. Mtu unayemwombea kifo humwonei wivu wa picha. Sasa nina mmoja ninayemwonea wivu kila siku ya kazi, anakunywa chai yangu, na jioni napita mstari kumpelekea mwavuli aliousahau. Mkiwaondoa vijana wenu wale, tutarudi kuogopana, na huo wivu wangu hautakuwa na maana yoyote. Na binti yangu atajifungua peke yake. Ninalo hilo tu. Kalamu leteni, nitasaini sasa hivi."

 Miwani akakaa, akaandika kitu.

Ijumaa, 18 Aprili

Nimelala siku nzima. Mvua.

Jumanne, 22 Aprili

Azimio limepita. Kwa kura chache, lakini limepita: Bunge lao litaendelea kusimama na mkataba, na waangalizi wanabaki. Miwani alipiga kura ya hapana mpaka mwisho, namheshimu kwa hilo. Wodini walipiga vigelegele mpaka Daktari akatukumbusha kuna watoto. Nilitoka nje. Kijana mwangalizi alikuwa anarudisha maboksi ndani, moja moja, anapiga mluzi.

Magazeti ya kule yameniita "mkunga mwenye wivu". Mume wangu kacheka mpaka kalia. Anataka kunishonea jina hilo kwenye sare.

Alhamisi, 24 Aprili

Kicheko karudi. Walimbeba toka kizuizini kama mfungaji wa bao la mwisho. Watoto, wazee, muuza mkate, wote wanamshika mkono. "Huu ndio mkono!" wanasema. "Ndio uliomgeuza!" Nilisimama dirishani. Nilidhani wivu umenitoka. Wapi! Ulipanda palepale.

Jumamosi, 26 Aprili

Tulikuwa peke yetu chumba cha dawa, tunahesabu glavu. Tangu afike hajacheka nami, wala kugusa kikombe changu.

"Kwa nini ulisema ni mimi?" akauliza, bila kugeuka.

"Ulitaka nisemeje?"

"Ukweli! Ungeniaibisha, nikaomba radhi, yakaisha. Sasa kila mtu ananishika mkono huu. Mwanamke mmoja kaja na mimba yake, mtoto amelala mkingamo, anataka nimgeuze mimi. Mimi, dada! Na nikisema si mimi, nitakuwa nimekufanya wewe mwongo mbele ya Bunge zima, na wale wasiotutaka watarudi na karatasi yao. Umenifungia ndani na kitu kisicho changu."

Sauti yake ilikatika. Sijawahi kumwona analia, huyu.

Nikitaka kuwa mkweli humu, nilifurahi. Kidogo tu. Kisha nikaona kwamba ghalani hapana tena mtu. Yeye hawezi kusema haikuwa yeye, nami siwezi kusema ilikuwa mimi. Hata mjukuu wangu nikimsimulia, itabidi nimwambie kama nilivyowaambia wabunge. Nilikaa juu ya boksi la glavu.

"Huyo mwenye mimba mwambie aje Jumatatu," nikasema. "Utasimama upande wa kichwa. Utamsemesha, asitazame chini."

Akafuta macho kwa kola. "Na tukimaliza, nitasema nini?"

"Utasema asante."

Alhamisi, 1 Mei

Mama wa Jumatatu katoka na mtoto wake leo. Kamwachia Kicheko kitambaa alichokidarizi. Kicheko kakiweka ndani ya sanduku langu bila neno. Nimemrudishia. Kakiweka tena.

Jumanne, 6 Mei

Mvua imekatika asubuhi, mara moja, kama ilivyoanza.

Wamekuja mchana, kwa gari la seremala la kubebea mbao, hakuna aliyewasimamisha kwenye vizuizi. Binti yangu aliingia kwa mlango wao akiwa ananiita mimi. Nilimshika mkono mpaka mlango wa leba, hapo ndipo kanuni inaponikomesha. Kicheko akaingia naye, na mkunga aliyeletwa kutoka hospitali ya upande wetu kushika nafasi yangu. Mlango ukafungwa.

Nimekaa kwenye benchi na mkwe wangu. Alikuwa anakwangua vanishi ya benchi kwa kucha, nikampiga mkono. Nilikuwa nasikia kila kitu. Najua kila sauti ya chumba kile, najua ni wakati gani mkunga anatakiwa kunyamaza, na Kicheko alinyamaza pale hasa, nikamchukia kwa kupatia. Kisha binti yangu akapiga kelele moja ndefu. Kisha kilio kingine, chembamba, cha hasira.

Mkwe wangu aliteleza akakaa chini sakafuni.

Mlango ukafunguliwa. Kicheko akatoka na mtoto kifuani, msichana, amefungwa shuka nyeupe. Alikuwa anamwambia maneno, anacheka kile kicheko chake nilichokuwa sijakisikia tangu arudi, na mtoto amemkodolea macho, ametulia tuli. Mtu wa kwanza kumwona duniani, ni huyu. Kwa wivu nikasahau hata kumshukuru Mungu kwa sauti.

"Mzima?" nikauliza.

"Mzima kabisa. Na mama yake mzima. Tazama, dada, tazama anavyonitazama."

"Nimeona. Lete hapa."

"Subiri kidogo, ndio kwanza amenizoea."

"Amekuzoea nini! Barabara iko wazi, utamwona mpaka umchoke. Lete mjukuu wangu."

Akanipa, shingo upande.